Namna ya Kukusanya Vifaa vya Kale vya Mazingaombwe ya Karata na Kuvitumia Mbele ya Watazamaji

Vifaa vya mazingaombwe ya karata vilivyotengenezwa Ulaya na Marekani kati ya miaka ya 1880 na 1940 vinatofautiana na stempu, sarafu na vitu vingine vinavyokusanywa kwa jambo moja: thamani yake iko katika kazi vinayoifanya mbele ya macho ya watu. Kasha la mbao lililong'arishwa vizuri, ambalo kibamba chake cha ndani kimekwama, ni kasha tu. Pakiti iliyopoteza karata zake fupi haiwezi kurudishiwa uwezo wake kwa kutiwa karata nyingine zozote. Kwa sababu hiyo namshauri anayeanza ajifunze kukusanya na kuonyesha kwa pamoja. Aliyewahi kufanya mchezo kwa kasha la aina fulani hulikagua kasha la pili kwa vidole vinavyojua vinatafuta nini, na aliyezoea kutunza vitu vya kale hasahau kwamba karatasi ya mwaka 1913 haistahimili vishindo vinavyostahimiliwa na karata iliyonunuliwa jana dukani.

Kuhusu siri, msimamo wangu ni huu: nitaeleza muundo wa kifaa kwa kiasi kinachomwezesha mnunuzi kukikagua na mwenye nacho kukitunza. Namna mikono inavyotenda mbele ya mtazamaji, kila mtu ajifunze kwa mwalimu wake au kwa maelekezo ya awali yaliyouzwa pamoja na kifaa. Mtazamaji aliyekuja kustaajabu ana haki ya kuondoka na mshangao wake.

Anzia wapi

Anayeanza asinunue kila kinachopita mbele yake. Ni afadhali achague kipindi kimoja, au mtengenezaji mmoja, au aina moja ya mchezo, kwa sababu macho hujifunza kwa kulinganisha vitu vinavyofanana. Historia ya vifaa hivi ina majina ambayo mkusanyaji atakutana nayo tena na tena. Johann Nepomuk Hofzinser wa Vienna, aliyeishi kuanzia mwaka 1806 hadi 1875, ndiye aliyeyapa mazingaombwe ya karata hadhi ya sanaa ya sebuleni, na karata nyingi zenye nyuso mbili au zenye uso uliogawanyika ni uzao wa fikra zake. Huko New York, duka la Martinka lilikuwa kituo cha wanamazingaombwe kiasi kwamba chama chao cha Marekani kiliundwa katika chumba cha nyuma cha duka hilo mwaka 1902. London ilikuwa na duka la Davenport, lililoanzishwa mwaka 1898. Los Angeles ilikuwa na karakana ya Floyd Thayer, iliyosifika kwa kazi za mbao; New Haven ilikuwa na Petrie na Lewis, ambao vifaa vyao vya chuma vilivyopakwa nikeli vina alama ya P&L; na katika mji mdogo wa Colon, Michigan, kampuni ya Abbott ilianza kazi mwaka 1934.

Kwa mtu mwenye fedha za kadiri, mlango mzuri wa kuingilia ni karata zenyewe, kabla ya makasha na mashine. Theodore DeLand wa Philadelphia, aliyeishi kuanzia mwaka 1873 hadi 1931, alibuni michezo mingi midogo ya karata chache zilizotiwa ndani ya bahasha pamoja na karatasi ya maelekezo, na pia pakiti nzima yenye alama za siri mgongoni iliyouzwa kwa dola moja. Bahasha zake nyingi zilinunuliwa na watu wa kawaida wasiokuwa wanamazingaombwe, kwa hiyo bado hupatikana. Pakiti ya Svengali, ambamo karata moja imerudiwa mara nyingi kati ya karata nyingine, inayohusishwa na jina la Burling Hull na mwaka 1909, ilitolewa na watengenezaji wengi sana hivi kwamba mkusanyaji anaweza kujenga mkusanyo mzima wa pakiti hizo peke yake na kuona jinsi kila kiwanda kilivyolitatua tatizo lile lile. Pakiti ambayo Joe Berg aliitoa mwaka 1936, ambamo karata moja tu huonekana imegeuka na kumbe ndiyo iliyotajwa na mtazamaji, ni hatua ya tatu, nayo inahitaji jicho kali zaidi kwa sababu uhai wake umo katika dawa ya kushikamanisha karata iliyopakwa juu ya karatasi.

Kuikagua pakiti ya karata

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo ningependa msomaji atulie. Kwanza, zitandaze karata zote mezani juu ya kitambaa safi, uzihesabu, kisha uzipange kwa kopa, shupaza, uru na pau. Pakiti ya Svengali haitakubali kupangwa hivyo, kwa kuwa nusu yake, yaani karata 26, ni karata ile ile moja iliyorudiwa, na kila mojawapo ni fupi kidogo kuliko karata iliyo jirani yake. Pima urefu kwa kalipa. Karata ya Kimarekani ya kawaida ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88. Karata fupi zote za pakiti moja zinapaswa kutofautiana na karata ndefu za pakiti hiyo kwa kiasi kile kile, maana zilikatwa kwa mashine moja na kwa mkupuo mmoja. Ukikuta moja imepungua kwa milimita moja na nyingine kwa milimita mbili, ujue mkono wa mtu mwingine umeingia hapo.

Sasa chukua lenzi ya kukuzia, uutazame ukingo uliokatwa. Karata iliyokaa miaka mingi hushika vumbi na mafuta ya vidole kwenye kingo zake, hata zikawa na rangi ya chai. Karata ya kale iliyofupishwa juzi ili iuzwe kwa bei ya kifaa cha mazingaombwe itakuwa na kingo tatu za rangi ya chai na ukingo mmoja mweupe. Utazame pia mviringo wa pembe zake nne. Aliyekata kwa haraka huacha pembe mbili zenye mviringo wa kiwandani na mbili zenye mviringo wa mkasi, na tofauti hiyo huonekana wazi ukiziweka karata mbili uso kwa uso na kuziinua kwenye mwanga wa dirisha.

Umri wa pakiti unaweza kusomwa mahali pengi. Karata zisizo na tarakimu pembeni, zenye pembe kali zisizoviringwa, kwa kawaida ni za kabla ya robo ya mwisho ya karne ya 19. Ree ya shupaza ndiyo cheti cha kuzaliwa cha pakiti. Katika pakiti za kampuni ya U.S. Playing Card, iliyokuwa Cincinnati hadi mwaka 2009 na ambayo chapa yake ya Bicycle ilianza mwaka 1885, ree hiyo mara nyingi huwa na herufi moja ikifuatwa na tarakimu, na herufi ile huashiria mwaka wa kuchapishwa. Herufi hizo zilirudiwa mzunguko baada ya mzunguko, kwa hiyo herufi peke yake haitoshi. Ilinganishe na muundo wa kasha la karatasi na stempu ya ushuru. Marekani ilitoza ushuru wa karata kwa kipindi kirefu kuanzia mwaka 1894, ulipokuwa senti mbili kwa pakiti, hadi ulipofutwa mwaka 1965. Stempu ilibandikwa juu ya mfuniko wa kasha, na mara nyingi ilipigwa mhuri wenye herufi za kiwanda pamoja na tarehe. Uingereza nayo iliendelea kutoza ushuru wake hadi mwaka 1960. Zamani za utawala wa George wa Tatu, ree ya shupaza ilichapishwa chini ya usimamizi wa serikali yenyewe ili kuthibitisha kwamba ushuru umelipwa, na mtengenezaji aitwaye Richard Harding alinyongwa mwaka 1805 kwa kosa la kuighushi. Mkusanyaji anapoishika ree ya Kiingereza ya wakati ule, ameshika hati ya serikali.

Juu ya stempu kuna jambo ambalo wauzaji wa vitu vya kale wasiojua mazingaombwe hulikosea. Kwao, stempu isiyopasuka huongeza bei. Lakini watayarishaji wengi wa karata za mazingaombwe walinunua pakiti za kawaida, wakazifungua, wakazikata au kuzipaka dawa, kisha wakazirudisha kasheni. Kwa pakiti ya namna hiyo stempu iliyopasuka ni jambo la kawaida kabisa, na stempu nzima ndiyo inayozua swali: je, karata zilizomo ziliwahi kutayarishwa kweli? Zipo pakiti zilizotayarishwa kiwandani kabla ya kufungwa, na wapo waliokuwa na ustadi wa kufungua kasha kwa upande wa chini, kwa hiyo muulize muuzaji amejuaje kilichomo, nawe usikubali jibu la kubahatisha.

Kipimo cha mwisho hufanywa gizani. Viwanda vya karatasi vilianza kutumia kwa wingi kemikali za kung'arisha weupe kuanzia miaka ya 1950. Chini ya tochi ya miale ya urujuanimno, karatasi yenye kemikali hizo hung'aa kwa rangi ya buluu, na karatasi ya zamani hubaki imefifia. Pakiti inayodaiwa kuwa ya mwaka 1920 ikiwa na karata tatu zinazong'aa, hizo tatu zimeongezwa baadaye. Si lazima uikatae pakiti yote. Shusha bei, na uandike katika kumbukumbu zako ni karata zipi.

Kasha, fremu na karata zinazopanda

Kasha la karata ni kijisanduku chembamba kinachofunguka kama kitabu, kikubwa kuliko karata kwa milimita chache tu. Ndani yake mna kibamba kinacholingana kabisa na sakafu ya kasha, na kibamba hicho kinapoanguka kutoka upande mmoja kwenda wa pili huificha karata moja na kuidhihirisha nyingine. Kwa njia hiyo karata iliyochanwa huonekana imeunganika, au karata iliyowekwa humo hutoweka. Likague hivi: lifungue katika mwanga mkali, ukilitazama kutoka usawa ambao mtazamaji aliyeketi angelitazamia. Rangi ya kibamba na rangi ya sakafu zinapaswa kuwa moja hata kwenye mchubuko. Kasha lililotumiwa kwa miaka mingi huchakaa kwa usawa, na kibamba kilichobadilishwa hujifichua kwa upya wake. Kisha lifunge, liweke karibu na sikio, uligeuze taratibu. Sauti nzuri ni mguso mmoja mzito na mfupi. Mtetemo unaorudiwa maana yake kibamba kimepinda, na mkwaruzo maana yake mbao zimevimba.

Mbao zilizovimba hazihitaji msasa. Ndilo kosa linaloharibu makasha mengi, kwa kuwa mtu hukwangua kingo za kibamba wakati wa masika ili kiteleze, na kiangazi kikifika mbao zikanywea, kibamba hubaki na nafasi pembeni ambayo macho ya mtazamaji huiona mara moja. Liweke kasha wazi katika chumba chenye unyevunyevu wa wastani kwa majuma kadhaa, na mara nyingi litarudi katika hali yake lenyewe.

Fremu ya mchanga ni ya aina nyingine. Kati ya vioo vyake mna mchanga laini wenye rangi ya usuli, ambao hufunika karata na kuifunua fremu inapogeuzwa. Igeuze polepole, utazame kama mchanga unashuka kwa usawa au unashikana mabonge. Mabonge ni ishara kwamba unyevu umepenya, na fremu ambayo lakiri yake ya pembeni imefunguliwa na mtu asiye fundi mimi nisingeinunua kwa bei yoyote ya maana, kwa sababu mchanga wa awali ukimwagika ni vigumu sana kupata mwingine wa rangi na wepesi ule ule.

Vifaa vya karata zinazopanda, ambamo karata zilizochaguliwa huinuka moja moja kutoka katika pakiti iliyosimamishwa, ndivyo vinavyopendwa kuliko vyote, na ndivyo vilivyomsaidia Howard Thurston kujijengea jina la mfalme wa karata kabla ya kuwa na onyesho kubwa la jukwaani. Vingine huendeshwa kwa uzi wa hariri, vingine kwa mashine ya saa iliyofichwa katika kishikizo cha karata. Uzi wa miaka mingi huoza. Ubadilishe, lakini uzi wa zamani utie katika bahasha yenye maelezo, kwa kuwa unene wake na njia uliyopitishwa ni sehemu ya ubunifu. Mashine usiivute ufunguo hata kidogo kabla fundi saa hajaifungua na kuisafisha mafuta yaliyoganda, maana springi iliyolala miaka 50 huweza kuvunja meno ya gurudumu kwa mpigo mmoja.

Kununua

Nyumba za mnada zinazojishughulisha na mazingaombwe, kama Potter & Potter ya Chicago, huchapisha bei ambazo vitu viliuzwa, na kuzisoma bei za miaka iliyopita ni elimu isiyolipiwa. Mwombe muuzaji video fupi ya kifaa kikitenda kazi yake. Picha haitoshi. Ulizia maelekezo ya awali na kasha la awali, kwa sababu karatasi moja ya maelekezo huweza kuthibitisha ni nani aliyekitengeneza kifaa kisicho na alama. Kifaa chenye pembe ya ndovu, kama zilivyo ncha za baadhi ya fimbo za kale, kiache: biashara ya pembe imebanwa na CITES, mkataba wa kimataifa juu ya biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na sheria za nchi nyingi, na kwa msomaji wa Kenya au Tanzania jambo hilo si dogo. Kifurushi kikifika kutoka nchi ya baridi, kiache kimefungwa chumbani kwa siku nzima kabla ya kukifungua, la sivyo unyevu wa hewa yetu ya joto utatua juu ya chuma na karatasi vilivyo baridi.

Kuhifadhi katika hewa ya pwani

Makumbusho hupendelea kuhifadhi karatasi katika unyevunyevu wa karibu asilimia 50 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja hawezi kuipata hali hiyo kwa kufungua madirisha. Anachoweza ni kutengeneza hali yake ndogo ndani ya sanduku la plastiki gumu lenye mfuniko unaobana, lenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu na kipima unyevu kidogo kinachosomeka kutoka nje. Vifuko vikishiba, vikaushwe katika oveni kwa moto mdogo kama mtengenezaji alivyoelekeza, kisha virudishwe. Usikaushe kupita kiasi, kwa kuwa chini ya asilimia 35 hivi karata hujikunja na vanishi ya mbao hupasuka. Kilicho muhimu zaidi ni utulivu. Kupanda na kushuka kwa unyevu kila siku huumiza kuliko kiwango kimoja kisicho kamilifu.

Kila pakiti ifungwe kwa karatasi isiyo na asidi, kisha ikae katika kasha lake. Usitumie rababendi, kwa kuwa huoza, hugandamana na karata na kuacha mstari wa kahawia usiofutika. Usitumie selotepu. Epuka mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, ambayo hutoa kemikali zinazoshika kwenye wino. Mifuko ya poliesta isiyo na harufu ndiyo inayofaa. Karata zilizopakwa dawa, kama zile za mtindo wa Berg, zisibanwe chini ya uzito, maana katika joto hunata, na ukizitenganisha kwa nguvu tabaka la wino huvuka upande wa pili. Ukiona dalili za wadudu wanaokula karatasi, funga pakiti katika mifuko miwili isiyopitisha hewa, uiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa majuma mawili, kisha uiache irudi polepole katika joto la chumba ikiwa bado imefungwa. Chuma kilichopakwa nikeli kipanguswe kwa kitambaa laini kikavu. Dawa ya kung'arisha vyombo hula tabaka la nikeli mpaka shaba ikatokeza.

Kuvitumia mbele ya watazamaji

Swali la kwanza ni iwapo kifaa chenyewe kitumike au nakala yake. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mazoezi yote hufanywa kwa nakala. Makasha ya karata na pakiti za Svengali bado vinatengenezwa, na mikono haitambui tofauti kubwa. Kifaa cha kale kitolewe wakati mchezo umekwisha kuiva, na kitolewe kwa mchezo mmoja tu katika onyesho zima. Pakiti ya kale isichangwe kwa mtindo wa kukunja nusu mbili na kuziachia ncha zikapishana, kwa kuwa karatasi iliyokauka huvunjika nyuzi zake. Ichangwe kwa kuhamisha mafungu madogo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Michezo ya mwanzo, ile inayohitaji karata kurushwa, kupindwa au kutiwa sahihi na mtazamaji, ifanywe kwa pakiti mpya.

Swali la pili ni gumu zaidi, na linahusu maana ya kifaa mezani. Kasha la karata lilipobuniwa lilifanana na vikasha vya sigara na vya vito vilivyojaa sebule za wakati ule, na hakuna aliyejiuliza limetoka wapi. Leo, kijisanduku chembamba cha mbao kikitolewa mfukoni, mtazamaji hujiambia papo hapo kwamba siri imo humo. Wapo wanaolificha tatizo hili kwa kuzungumza haraka. Mimi naona ni bora kulikabili waziwazi: litambulishe kasha kama kitu cha kale, mweleze mtazamaji limetengenezwa wapi na katika miaka gani, na ulifanye kuwa sababu ya mchezo kuwapo. Anayeonyeshwa kitu cha miaka 90 hukitazama kwa heshima, naye hatarajii kukabidhiwa akipekue. Ndipo umri wa kifaa, uliokuwa mzigo, unapogeuka kuwa hoja yako.

Lakini historia utakayoisimulia iwe ya kweli. Usikipe kifaa mmiliki maarufu ambaye hakuwahi kukimiliki, hata kama maneno hayo yananogesha mchezo. Hadithi ya jukwaani husikiwa na mtu, mtu huyo humsimulia mwingine, na baada ya miaka 20 inachapishwa katika orodha ya mnada kama ushahidi. Kama unapenda kutunga, tunga juu ya karata: mfalme aliyepotea safarini, bibi aliyekataa kuketi karibu na ghulamu. Kifaa kiachiwe ukweli wake.

Fika ukumbini mapema na kifaa chako, ukitoe katika sanduku lake saa moja kabla. Ukumbi wenye kiyoyozi una hewa kavu kuliko nyumba yako, na kibamba kilichoteleza vizuri sebuleni huweza kulegea au kukwama hapo. Kijaribu kwenye meza ile ile na chini ya taa zile zile, kisha uketi katika kiti cha mbele kilicho chini zaidi na katika kile cha pembeni kabisa ili uone kinachoonekana kutoka hapo. Panga viti kwa mujibu wa ulichokiona. Meza iwe na kitambaa kizito, kwa kuwa mahameli au blanketi nyembamba hunyamazisha mguso wa kibamba, jambo ambalo meza tupu ya mbao hulitangaza ukumbi mzima.

Mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe vizuri, bila mafuta wala losheni. Kwa karatasi, mikono misafi ni salama kuliko glovu za pamba, ambazo hunasa kwenye kingo na kupunguza hisia za vidole. Unapomwita mtazamaji akusaidie, mpe kazi isiyomgusisha kifaa: ashike bahasha, ataje karata, ahesabu kwa sauti. Mwambie kwa adabu, "Naomba unishikie hii, ndugu yangu," ukimkabidhi pakiti mpya, na mkono wake utakuwa umeshughulika. Mbele ya watoto, weka meza hatua mbili nyuma ya mahali unaposimama, kwa kuwa mtoto aliyefurahi hutangulia mikono.

Usifanye mchezo wa kifaa cha kale mara mbili mbele ya watu wale wale, hata wakikuomba kwa bidii. Mara ya pili wanaitazama mbao, na mbao ya mwaka 1925 haikutengenezwa kustahimili macho ya namna hiyo. Watolee mchezo mwingine kwa karata mpya.

Kumbukumbu

Hofzinser alipofariki mwaka 1875, maandishi yake yaliteketezwa kwa mujibu wa wosia wake, na ilibidi Ottokar Fischer akusanye kwa miaka mingi kumbukumbu za waliomfahamu bwana huyo kabla ya kuzichapisha mwaka 1910. Mfano wa upande wa pili ni Samuel Cox Hooker, mkemia mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika viwanda vya sukari vya Marekani, ambaye kuanzia mwaka 1914 aliwaonyesha wageni wake huko Brooklyn karata zinazopanda kwa namna ambayo wataalamu waliokuwapo walishindwa kuieleza. Baada ya kifo chake mwaka 1935 vifaa vilipita kwa watu waliovijua, akiwamo John Mulholland, hata vikamfikia John Gaughan wa Los Angeles, na mwaka 1993 mchezo ule ulionekana tena. Vifaa hivyo vilirudi mbele ya watu kwa sababu ujuzi wa kuviendesha haukuachwa upotee.

Kwa hiyo kila kifaa kiwe na ukurasa wake katika daftari: picha za pande zote, vipimo, jina la mtengenezaji kama linajulikana, mahali na siku ya kununua, bei, kasoro ulizozikuta, na kila ulichokibadilisha. Ongeza mpangilio wa karata za pakiti kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu pakiti iliyotayarishwa ikichanganyika bila orodha ni vigumu kuirudisha. Namba ya kifaa iandikwe kwa penseli kwenye kitambulisho cha karatasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba, kamwe isiandikwe juu ya kifaa chenyewe. Baada ya kila onyesho, pangusa vyuma, hesabu karata kwa kufuata orodha, na uandike tarehe na mahali palipotumika.

Mwisho wa daftari liandikwe jina la mtu anayejua mazingaombwe ambaye warithi wako watamwita kabla ya kuuza chochote, pamoja na namna ya kumpata. Nakala ya ukurasa huo mpe mtu wa nyumbani mkononi mwake, usiitie ndani ya sanduku la vifaa, kwa sababu sanduku zima huweza kuuzwa kwa muuza mitumba bila mtu kulifungua.